Namna ya kumteua mwanamieleka bora wa kila jimbo la Marekani

Mashabiki wa mieleka ya kulipwa hawachoki kubishana kuhusu nani mkali kuliko mwenzake, na ubishi huo hunoga zaidi pale kila jimbo kati ya majimbo 50 ya Marekani linapotakiwa kumtoa mtu wake mmoja. Orodha nyingi za namna hiyo huharibika mapema, kabla mwandishi hajaanza kupima uhodari wa yeyote, kwa sababu hakuamua kwanza ni kitu gani kinachomfanya mwanamieleka ahesabiwe kuwa wa jimbo fulani. Kazi yenyewe iko hapo, na ndiyo maana mwongozo huu unaanzia hapo.

Mwanamieleka hufungamana na jimbo kwa njia nne: kuzaliwa huko, kukulia huko, kutangazwa ulingoni kuwa anatoka huko, au kujenga jina lake mbele ya watazamaji wa huko. Kwa watu wachache njia zote nne huishia mahali pamoja, lakini kwa wengi hutawanyika. Hulk Hogan alizaliwa Augusta, Georgia, mwaka 1953, akakulia Tampa, Florida, na kwa miaka mingi watangazaji walimwita mtu wa Venice Beach, California. Usipoweka kanuni mapema, utamwandika Hogan popote penye nafasi wazi, na msomaji makini atakushika hapohapo.

Njia ya tatu iondoe kabisa. Mahali panapotajwa na mtangazaji wakati mwanamieleka anaingia ulingoni ni sehemu ya onyesho, na mara nyingi hapana uhusiano wowote na maisha yake. The Undertaker, aliyetangazwa kuwa anatoka Death Valley, ni Mark Calaway wa Houston, Texas. Ricky Steamboat alitambulishwa kama mtu wa Honolulu ilhali alizaliwa West Point katika jimbo la New York. Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano unaotugusa zaidi, nao ni Kamala, aliyeitwa Jitu la Uganda, aliyepakwa rangi usoni na tumboni, akashikishwa mkuki na kuvishwa kinyago, huku ikidaiwa kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Jina lake halisi lilikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, na sura hiyo ya ulingoni ilibuniwa Memphis mwaka 1982 kwa mchango mkubwa wa Jerry Lawler. Ilikuwa picha ya Mwafrika iliyotungwa na watu wasiotujua, nami naiona ni ya kudhalilisha. Lakini Harris mwenyewe alikuwa mfanyakazi hodari aliyeaminiwa kukutana na Hogan na Undertaker, na anastahili kufikiriwa kwa jina lake na kwa jimbo lake la Mississippi. Kwa hiyo kila unapokutana na jina la ulingoni, tafuta kwanza jina la kuzaliwa, kisha mji aliokulia, ndipo uendelee.

Kati ya njia tatu zinazobaki, ipi iwe na uzito zaidi? Jibu linategemea zama. Mwaka 1948 mapromota walikutana Waterloo, Iowa, wakaunda umoja uliojulikana kama NWA, ambao uliigawa nchi katika maeneo, kila promota akiheshimu mipaka ya mwenzake. Mwanamieleka alihamia eneo fulani, akaonekana kila wiki kwenye televisheni ya hapo, akazunguka katika kumbi za miji ileile, na wakazi wakamfuatilia kama ndugu yao au kama adui yao. Utaratibu huo ulivunjika baada ya Vince McMahon kuinunua kampuni ya baba yake mwaka 1982 na kuanza kuingia katika maeneo ya wengine, hadi onyesho lake kubwa la WrestleMania, la kwanza likiwa la Machi 1985, lilipodhihirisha kwamba mieleka sasa ni biashara ya nchi nzima. Kwa hiyo kwa wanamieleka wa zama za maeneo, tanguliza jimbo lililowakubali. Kwa waliotokea baadaye, ambao kila usiku wako mji mwingine, tanguliza jimbo walilokulia.

Kanuni hii ijaribu kwanza kwa Ric Flair, kwa kuwa uamuzi juu yake hugusa majimbo matatu kwa mpigo. Alizaliwa Memphis, Tennessee, mwaka 1949, akalelewa na wazazi waliomwasili huko Minnesota, na akafunzwa katika shamba la Verne Gagne, ambapo mazoezi yalifanyika ghalani na yalikuwa makali kiasi kwamba Flair aliacha, Gagne akamfuata na kumrudisha. Hata hivyo aliyempa hadhi ni mtazamaji wa Charlotte na miji jirani ya North Carolina. Ni katika jimbo hilohilo, karibu na Wilmington, ambapo Oktoba 1975 ndege ndogo aliyopanda ilianguka na kumvunja mgongo, na ni huko alikorudi ulingoni akiwa na mtindo mpya. Ukimweka Flair North Carolina, Tennessee inabaki kwa Jerry Lawler, mzaliwa wa Memphis ambaye jiji lake lilimwita mfalme bila kuona haya, na Minnesota inakwenda kwa Gagne mwenyewe, bingwa wa vyuo vikuu aliyeanzisha kampuni ya mieleka ya AWA mwaka 1960 na kufundisha kizazi kizima. Ukimweka Tennessee kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa, utamng'oa Lawler bila haki.

Baada ya kugawa watu, pima ubora. Matokeo ya mapambano hupangwa kabla, hivyo kuhesabu ushindi na kushindwa hakukupi kitu. Mikanda ina maana, ila uisome ipasavyo: inaonyesha jinsi mapromota walivyomwamini mtu kwamba atajaza ukumbi. Pia idadi yake haifanani kati ya zama na zama. John Cena wa Massachusetts alifikisha mataji 17 ya dunia mwaka 2025, lakini katika zama zake mkanda hubadilisha kiuno mara kadhaa kwa mwaka, wakati bingwa wa zamani aliweza kukaa nao kwa miaka. Nakushauri ujiulize maswali matatu: je, watu walinunua tiketi kwa ajili yake, na kwa muda gani? Je, wapinzani wake walionekana wazuri zaidi walipopigana naye? Na je, waliokuja baadaye waliiga nini kutoka kwake?

Pennsylvania ndiyo darasa zuri la kupima, kwa kuwa Pittsburgh pekee ina wawili wasioweza kupuuzwa. Kurt Angle alizaliwa eneo hilo, akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 katika uzito wa kilo 100 akiwa na jeraha la shingo, kisha akajifunza mieleka ya maonyesho kwa kasi ambayo sijaona kwa mwingine. Bruno Sammartino alizaliwa Italia, akajificha milimani pamoja na mama yake wakati wa vita, na alipofika Pittsburgh mwaka 1950 alikuwa kijana dhaifu aliyedhoofishwa na maradhi. Alianza kuinua vyuma, na mwaka 1959 aliinua ratili 565 akiwa amelala chali. Tarehe 17 Mei 1963, katika ukumbi wa Madison Square Garden, alimwinua Buddy Rogers begani na kumkunja mgongo hadi akasalimu amri, pambano likiwa limedumu sekunde 48 tu, na mkanda huo alikaa nao siku 2,803. Kwa ufundi wa mwili Angle anamzidi, nami sina shaka juu ya hilo. Lakini Sammartino ndiye aliyewafanya wahamiaji wa Kiitaliano, wa Puerto Rico na wa Kigiriki wajae ukumbi mwezi baada ya mwezi wakimwona kuwa ni wao, na nyumba yake ilibaki Pittsburgh hadi alipofariki mwaka 2018. Namwandika Sammartino.

Katika jimbo lililojaa vipaji kama Texas, tafuta mtu ambaye njia za kufungamana zinakutana kwake. Terry Funk na kaka yake Dory, ambao wote wawili walikuwa mabingwa wa dunia wa NWA, ni watu wa Amarillo lakini walizaliwa Indiana. Akina Von Erich, familia ya wanamieleka, waliitikisa Dallas, ila nje ya hapo sauti yao ilipungua. Steve Austin alizaliwa Austin, akakulia Edna, akajifunza kazi katika ukumbi wa Sportatorium wa Dallas, na mwishoni mwa miaka ya 1990 hakuna aliyevuta watu kuliko yeye. Oklahoma haihitaji maneno mengi: Danny Hodge wa Perry alipata fedha ya Olimpiki mwaka 1956, hakuwahi kuangushwa katika miaka yake ya chuo, na aliweza kuponda tofaa kwa kiganja kimoja. Iowa nayo mpe Frank Gotch wa Humboldt, aliyemshinda George Hackenschmidt huko Chicago mwaka 1908 baada ya zaidi ya saa mbili.

Angalia pia kwamba orodha yako isiwe ya wanaume weupe peke yao kwa sababu ya uvivu wa kutafuta. Kansas ni ya Mildred Burke, mzaliwa wa Coffeyville, aliyekuwa bingwa wa wanawake kuanzia mwaka 1937 na kubaki kileleni hadi miaka ya 1950. Louisiana naiandika Junkyard Dog, yaani Sylvester Ritter, ingawa alizaliwa North Carolina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa nyota mkuu wa kampuni ya mieleka ya Mid-South, akiujaza uwanja wa Superdome wa New Orleans katika eneo la Kusini ambako mapromota wengi hawakuthubutu kumweka mtu mweusi juu ya wote.

Mbele ya kila jina andika sentensi moja inayotaja njia iliyotumika, kama vile "amekulia" au "amejenga jina", ili anayepinga ajue anapinga nini. Shughulikia kwanza wanaohamahama kama Flair na Hogan, kwa maana kila ukihamisha mmoja wao majimbo mengine hubadilika. South Dakota utaipata kirahisi kwa Brock Lesnar wa Webster. Yale usiyompatia mtu anayestahili, kama ninavyoona Wyoming na Delaware, yaache wazi, wala usimpachike mtu aliyepita huko kwa pambano moja.