Ukiugua Ukashindwa Kufanya Kazi: Mafao ya Kudai na Mahali pa Kuyadai

Mfanyakazi wa Dodoma anayeugua hadi kushindwa kwenda kazini hana dirisha moja la kudai haki zake zote. Malipo ya mgonjwa yamegawanyika baina ya mwajiri, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na mfuko wa pensheni, na kila mmoja una masharti yake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza utalipwa kiasi gani, jiulize kwanza ugonjwa wenyewe umetokana na nini.

Ikiwa ugonjwa hauhusiani na kazi, kama vile kisukari, malaria kali au upasuaji wa ngiri, anayewajibika kwanza ni mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Siku hizo huhesabiwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, wala hazianzi upya kila Januari kama wengi wanavyodhani. Anayepokea shilingi 600,000 kwa mwezi atapata mshahara wake wote kwa takriban miezi miwili, kisha 300,000 kwa mwezi kwa muda kama huo. Sharti ni cheti cha daktari aliyesajiliwa, yaani ile karatasi tuliyozoea kuiita ED. Iwasilishe kwa mwajiri mapema, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi, kwa kuwa ED iliyokabidhiwa kwa mkono bila ushahidi ni rahisi kukanwa.

Mambo hubadilika ikiwa ugonjwa au jeraha limetokana na kazi. Fundi aliyeanguka kutoka ghorofani katika ujenzi wa Mji wa Serikali Mtumba, mfanyakazi wa shamba la zabibu aliyedhurika kwa dawa anazonyunyizia, au mchimbaji ambaye mapafu yake yameharibiwa na vumbi la mawe, hao wanapaswa kuelekea Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi tunaufahamu kwa jina la WCF. Pamoja na gharama za matibabu, Mfuko hulipa asilimia 70 ya mshahara kwa ulemavu wa muda, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Kwa mshahara ule ule wa 600,000, hiyo ni 420,000 kwa mwezi. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi.

Hapa ndipo haki nyingi hupotelea. Mwajiri anaweza kumwambia mgonjwa apumzike tu kwa ED ya kawaida, naye akakubali kwa unyenyekevu, kisha siku 126 zikaisha bila tukio kuripotiwa popote. Mwarifu mwajiri kwa maandishi mara tu tukio linapotokea, kwani yeye naye ana siku saba za kuuarifu Mfuko, na madai yenyewe yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Hospitalini, iwe ni Benjamin Mkapa, ile ya Rufaa ya Mkoa au Mvumi, mweleze daktari kazi unayofanya na vitu unavyovishika, ili maelezo hayo yaandikwe katika faili tangu siku ya kwanza. Tena usikate tamaa kwa kuwa hati yako ya mshahara haionyeshi makato ya WCF; mchango huo hutolewa na mwajiri peke yake.

Hali ikiwa mbaya kiasi cha kutorejea kazini, fuatilia mafao ya ulemavu katika mfuko wako wa pensheni: PSSSF, wenye makao makuu hapa hapa Dodoma, kwa watumishi wa umma, na NSSF kwa walio katika sekta binafsi. NSSF huangalia michango uliyokwisha kuweka na kama umepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato, jambo linalothibitishwa na jopo la madaktari. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla ya hatua hii, hata ukishauriwa kwa upole, kwa sababu anayeacha kazi kwa hiari hapati fao la kukosa ajira. Ukiachishwa kazi kwa sababu ya ugonjwa bila mwajiri kuchunguza hali yako wala kutafuta kazi nyepesi unayoiweza, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Mkulima wa Bahi au dereva wa bodaboda asiyechangia mfuko wowote hana mshahara wa ugonjwa wa kudai, nao mpango wa TASAF hulenga kaya maskini zilizotambuliwa na jamii yake, si kila anayeugua. Anachoweza kuomba ni msamaha wa gharama za matibabu. Apate barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali yake, kisha aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ikiwezekana kabla ya bili kuanza kupanda.