Polisi na mahakama India: karatasi ambazo mgeni asikubali kuondoka bila nazo

Ibara za 14, 21 na 22 za Katiba ya India zinamlinda mtu yeyote aliye ndani ya nchi, awe raia au mgeni. Mwanafunzi Mkenya wa Pune, Mtanzania aliyefuata upasuaji Chennai na mfanyabiashara Mkongo wa Delhi wote wamo. Mara nyingi mgeni hukwama baadaye kwa sababu alitoka kituoni mikono mitupu, bila karatasi yenye namba.

Jihadhari na ushauri wa zamani. Tangu tarehe 1 Julai 2024 sheria za jinai ni mpya, na utaratibu wa polisi na mahakama sasa uko katika Bharatiya Nagarik Suraksha Sanhita, kwa kifupi BNSS. Anayekutajia vifungu vya CrPC, sheria ya zamani ya utaratibu huo, kwa tukio la jana anakupoteza.

Ukiibiwa au kushambuliwa, piga 112, kisha nenda kituoni ukaandikishe FIR, yaani taarifa ya kwanza ya kosa. Kwa kosa ambalo polisi wanaweza kumkamata mtu bila hati ya hakimu, kuiandika ni lazima. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 2013. Ukiambiwa "hili si eneo letu", omba Zero FIR: kituo chochote kinaiandika kisha kinaipeleka kinakohusika. Aliyeibiwa kwenye treni haimlazimu kurudi alikopanda.

Hapa ndipo wengi wanapoteza kesi. Askari anaweza kukuandikia karatasi ya kitu kilichopotea, au NCR, yaani taarifa ya kosa dogo ambalo polisi hawawezi kukamata bila hati ya hakimu, na zote zina muhuri. Karatasi ya "kupotea" haianzishi upelelezi wowote, na NCR haipelelezwi mpaka hakimu aamuru. Kama pasipoti imeibiwa, sema imeibiwa, na usikubali iandikwe imepotea ili kazi iwe nyepesi. Kabla ya kusaini, kagua jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti (majina yetu matatu huvurugwa sana), namba ya pasipoti, saa, mahali na vifungu. Ikiwa imeandikwa kwa Kihindi, Kimarathi au Kikannada, isomewe kwako kwanza. Nakala yako ni bure, palepale.

Wakikataa, andika malalamiko kwa mkuu wa polisi wa wilaya, uyatume kwa Speed Post na utunze risiti. Asipochukua hatua, wakili anapeleka ombi kwa hakimu likiambatana na hati ya kiapo. Bila ile risiti, ombi hilo linaanza na pengo.

Ukikamatwa, dai sababu za kukamatwa kwa maandishi na kwa lugha unayoielewa. Dai pia ndugu au rafiki mmoja ajulishwe, na uonane na wakili. Kuna karatasi ya kukamatwa, yenye shahidi na sahihi yako: angalia saa iliyoandikwa, kwa sababu ni lazima ufikishwe kwa hakimu ndani ya saa 24, ukiondoa muda wa safari. Mwanamke hakamatwi kati ya machweo na macheo, isipokuwa kwa hali ya pekee, na hapo askari wa kike ndiye anayeomba kibali cha hakimu. Sema waziwazi kwamba unataka ubalozi wako New Delhi ujulishwe. Mkataba wa Vienna wa 1963 unakupa haki hiyo, lakini usipoomba huenda asikuulize mtu. Maelezo unayotoa kwa mpelelezi kama shahidi au mshukiwa hayahitaji sahihi yako, na kukiri kosa mbele ya polisi hakutumiki kama ushahidi dhidi yako.

Dhamana ndiyo kazi nzito kwa mgeni. Mahakama hupenda mdhamini mwenyeji mwenye mali, pasipoti huzuiwa, na wakili asiyejua mambo ya wageni husahau kuomba uweke fedha taslimu badala ya mdhamini. Hesabu siku pia: hati ya mashtaka isipoletwa ndani ya siku 60, au 90 kwa makosa makubwa, una haki ya dhamana. Kwa dawa za kulevya za kiwango cha biashara ni siku 180. Haki hiyo lazima iombwe. Hati ya mashtaka ikiletwa kabla hujaomba, haki hiyo imekwenda.

Wakati kesi inaendelea, usiache viza iishe. Aliyepewa dhamana huku viza imekwisha anaweza kupelekwa kituo cha kuzuilia wageni. Omba nyongeza mapema kupitia e-FRRO, huduma ya mtandaoni ya ofisi ya usajili wa wageni, ukiambatanisha amri ya mahakama. Usinunue tiketi ya kurudi nyumbani kabla ya ruhusa ya mahakama. Jina lako linaweza kuwa tayari kwenye orodha ya wanaozuiwa uwanja wa ndege.

Mambo ya kila siku ni mepesi zaidi. Mwenye nyumba anapaswa kutoa taarifa ya mgeni, Fomu III (zamani ikiitwa Fomu C), ndani ya saa 24; omba nakala, maana e-FRRO wataitaka. Katika majimbo mengi mkataba wa pango huwa wa miezi 11 ili kukwepa usajili wa lazima, basi amana na masharti ya kuirudisha yaandikwe ndani yake. Mgonjwa ana haki ya kupewa kumbukumbu za matibabu ndani ya saa 72 baada ya kuziomba. Kwa huduma mbovu uliyoilipia, tume ya walaji ya wilaya hupokea malalamiko ndani ya miaka miwili, bila ada hadi rupia laki 5, na wakili si lazima. Simu ya msaada ni 1915.

Wakili wa bure hupatikana kwa 15100: wanawake na watu walio mahabusu wanastahili bila kuangaliwa kipato. Wa kulipia hatakiwi kudai asilimia ya fidia. Hilo limekatazwa na kanuni za mawakili. Kabla ya kusaini vakalatnama, hati inayompa mamlaka ya kukuwakilisha, hakikisha namba ya kesi, kama ipo, imejazwa. Kesi ikishafunguliwa inapata namba ya CNR, herufi na tarakimu 16. Iingize kwenye tovuti ya eCourts kila jioni ya kabla ya tarehe yako, kwa kuwa kukosa kufika bila wakili kuomba udhuru kunaweza kuzaa hati ya kukamatwa.