Uanagenzi: Ulikotoka na Namna ya Kuupanga

Uanagenzi ni mapatano ya kubadilishana: mwanagenzi anatoa nguvu zake, fundi anatoa ujuzi wake. Tatizo ni kwamba pande hizi mbili hazivuni wakati mmoja. Mwanzoni fundi anakula hasara, maana mbao zinaharibika, patasi zinabutuka na muda wake unaishia kwenye kuelekeza. Mwishoni faida inamgeukia: ana msaidizi anayekaribia ufundi kamili kwa malipo madogo. Ndiyo maana wanagenzi hutoroka na mafundi huficha ujuzi.

Jambo hili lilijulikana zamani sana. Sheria za Hammurabi wa Babeli, za karne ya 18 kabla ya Kristo, zilisema fundi akimlea mtoto na kumfunza kazi yake, wazazi hawawezi tena kumdai mtoto huyo arudi kwao. Asipomfunza, anaweza kurudi kwao. Kumlisha tu hakukumpa fundi haki yoyote. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1563 ilidai angalau miaka 7 ya kujifunza, na sharti hilo likafutwa mwaka 1814. Mikataba ya zamani huko iliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, kisha ikakatwa kwa mstari wa meno meno. Nakala zisiposhikana, moja ilikuwa ya kughushi. Lakini karatasi haizuii mtu kuondoka. Benjamin Franklin, aliyekuja kuwa mwanasiasa na mwanasayansi maarufu wa Marekani, alifungwa kwa mkataba wa uanagenzi kwa kaka yake, mpiga chapa wa Boston, mwaka 1718 akiwa na miaka 12, hadi atimize 21, huku ujira ukiahidiwa kwa mwaka wa mwisho tu. Mwaka 1723 alitoroka.

Kwa hiyo anza na kipindi cha majaribio. Sheria ya Ujerumani huweka kati ya mwezi 1 na miezi 4, na ndani yake kila upande unaweza kuacha. Hicho ni kipimo kizuri popote.

Kisha andikeni orodha ya ujuzi kwa mpangilio, kila mmoja na kipimo chake. "Atafundishwa useremala" haimfungi mtu yeyote. Andikeni hivi:

1. Kunoa patasi: pembe ya nyuzi 25 kwenye jiwe la kukwaruza, nyuzi 30 kwenye makali. Imefaulu ikikata ncha ya ubao laini bila kuzibomoa nyuzi za mti.
2. Kukata kwa msumeno pembeni mwa mstari, mstari wenyewe ubaki unaonekana.
3. Kiungo cha ulimi na tundu (ulimi unachongwa mwishoni mwa ubao mmoja uingie kwenye tundu la ubao mwingine), ulimi ukiwa theluthi ya unene: ubao wa milimita 45, ulimi wa milimita 15.

Hapo kwenye kiungo ndipo wengi hukwama. Ulimi mnene hupasua ubao. Mwembamba huchezacheza, na gundi haiokoi. Mwanagenzi hulaumu msumeno, ila mara nyingi kosa limeanzia kwenye kupima: amechora ulimi kutoka uso mmoja na tundu kutoka uso wa pili. Chagueni uso mmoja wa kupimia, utieni alama, vipimo vyote vitoke hapo.

Katika kufundisha, fundi afanye kazi mara moja kimya, arudie akieleza sababu, halafu mwanagenzi afanye huku akieleza yeye. Fundi asimpokonye kifaa. Akipokonya, kazi inaisha haraka na hakuna aliyejifunza.

Kufagia si uonevu. Kwa kufagia, aliye mgeni karakanani hujua kila kifaa kinakaa wapi. Hatari kubwa zaidi ni kuwa hodari wa jambo moja. Anayepiga msasa vizuri ataachwa kwenye msasa mwaka mzima, kwa kuwa hapo anamletea fundi faida. Mkataba useme hakuna kazi moja inayozidi wiki 6 mfululizo, na daftari la kazi lisainiwe na wote wawili kila wiki.

Malipo yapande kila hatua ya orodha inapofaulu, yasingoje mwisho. Mbao zilizoharibika katika kujifunza ni gharama ya fundi. Uzembe wa makusudi uandikwe pembeni kama jambo jingine. Andikeni pia vifaa ni vya nani siku ya kuachana. Kazi ya mtihani ikaguliwe na fundi wa nje, asiye na faida ya kumbakiza mwanagenzi, na cheti kitaje ujuzi uliofaulu mmoja mmoja.