Kuhifadhi shingo ya gitaa la besi iliyofunguliwa

Wapiga besi wengi hapa Tabora wanafungua shingo bodi inapopelekwa kupakwa rangi, kisha shingo inakaa kwenye kona miezi mizima. Ikirudishwa imepinda, lawama zote ni za fundi. Mara nyingi fundi hana kosa.

Nyuzi nne za besi zikiwa zimetyuniwa kawaida huvuta shingo mbele kwa nguvu inayozidi kilo 70. Fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo huvuta nyuma kuzipinga. Ukitoa nyuzi ukaiacha fimbo imekazwa, inabaki inavuta peke yake, na shingo inarudi nyuma polepole.

Hatua ya 1. Legeza nyuzi zote kwa zamu, kidogo kidogo, ndipo uzitoe.

Hatua ya 2. Laza gitaa kifudifudi juu ya blanketi, fungua skrubu za shingo. Zichomeke kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Ukikuta kadi au kibao chembamba pale shingo inapokaa, usikitupe: kimewekwa kurekebisha pembe ya shingo. Kibandike kwenye boksi hilohilo.

Hatua ya 3. Hapa tulia. Nati ya fimbo iko upande wa kichwa au kwenye kisigino, yaani mwisho wa shingo unaoingia kwenye bodi. Ya kisigino kwa besi nyingi huifikii mpaka shingo itoke. Tumia ufunguo unaoenea sawasawa, maana unaocheza utakula pembe za nati, na nati iliyolika ni kazi kubwa. Geuza kinyume cha saa, robo mzunguko kila mara, ukihesabu, ukome pale inapoacha kukaza. Usiitoe yote. Andika idadi ya robo kwa penseli kwenye lile boksi. Fimbo nyingine huvuta pande zote mbili. Ukipitiliza palipolegea itaanza kukaza upya, kwa hiyo rudi katikati. Kama shingo itakaa nje siku mbili tatu tu, mimi siigusi fimbo.

Hatua ya 4. Kiangazi chetu kinakausha mbao kwelikweli, na mvua za Novemba hadi Aprili zinairudishia unyevu. Shingo hunywa na kutoa unyevu zaidi pasipo na vanishi, hasa kisiginoni. Ikikauka mno, ncha za freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) huchomoza na kukwaruza mkono. Unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60 unaifaa. Basi isiwe darini chini ya bati, dirishani, jikoni, wala sakafuni penye mchwa. Ifunge kwa kanga kuukuu ya pamba, ilaze ikiwa imeshikwa urefu wake wote, au itundike kwa kichwa. Usiiegemeze ukutani, ikiteleza inaangukia funguo za kutyuni.

Maswali ya wanachama (kila mmoja kwa jina la mahali alipo)

Isevya: Shikamoo fundi. Naweza kuifunga kwenye nailoni?
Marahaba. Hapana. Ikiwa na unyevu, unabaki humohumo, na joto la mchana linaweza kuigandisha nailoni kwenye vanishi.

Ujiji: Kaka, huku ziwani masika hata nguo kabatini zinaota ukungu. Nifanyeje?
Weka ndani ya kesi vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe. Siku ya jua fungua kesi chumbani ipate hewa, lakini shingo usiianike.

Nzega: Nimerudisha shingo, skrubu moja inazunguka tu haikazi.
Ndugu yangu, kwanza igeuze kinyume taratibu mpaka uisikie ikidondoka kwenye njia yake ya zamani, halafu kaza kwa mkono. Ikiendelea kuzunguka, tundu limelika: jaza vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao, vikate usawa, acha vikauke usiku kucha. Ukishafunga, weka nyuzi na uzityuni, ndipo ukaze fimbo robo kwa robo ukiangalia ile namba ya boksini. Pima tena kesho yake, kwa sababu mbao inachelewa kutulia.