Kupunguza maumivu ya shingo kwa wanaoinama muda mrefu

Fundi cherehani, karani aliye mbele ya kompyuta na mtu anayesoma simu iliyo mapajani huumwa shingo kwa sababu ileile: kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, na kadiri kinavyoinamishwa mbele ndivyo misuli ya nyuma ya shingo inavyolazimika kuvuta kwa nguvu zaidi ili kukizuia. Kwa hiyo jambo la kwanza, nalo kwa maoni yangu ni muhimu kuliko dawa yoyote ya kuchua, ni kuinua kazi iyafuate macho: simu ishikwe juu ya usawa wa kifua, kioo cha kompyuta kiinuliwe kwa vitabu hadi ukingo wake wa juu ulingane na macho, na kila baada ya nusu saa usimame, ulegeze mabega, ugeuze uso taratibu kulia, kisha kushoto, bila kulazimisha panapouma.

Shingo ikikaza, ikande kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto yasiyounguza, kwa dakika 15 hivi. Usiku epuka kulala kifudifudi. Ukilala ubavu, mto ujaze nafasi iliyo kati ya sikio na godoro. Usimruhusu mtu yeyote asiye na utaalamu akupindue shingo hadi ilie.

Maumivu yakishuka mkononi pamoja na ganzi au udhaifu, yakifuata ajali, au shingo ikikakamaa pamoja na homa na maumivu makali ya kichwa, nenda hospitali mara moja.