Somo: Kuunda chaja ya betri ya volti 12 kwa umeme wa ukutani

Chaja hii ni ya betri ya risasi iliyofungwa, volti 12 na Ah (ampea-saa) 7, ile ya UPS ndogo na ving'ora. Kati yako na volti 230 lazima pawe na transfoma yenye koili mbili zisizogusana. Michoro inayopunguza umeme kwa kapasita peke yake, kama ndani ya tochi nyingi za bei rahisi, achana nayo kabisa. Itachaji, lakini nyaya za betri zinabeba moto wa ukutani, na mtoto akizigusa anaweza kufa.

1. Transfoma: 230 kwenda volti 18, ampea 2. Kabla ya kuichomeka, pima kwa mita ya omu kati ya koili mbili, isisome kitu.

2. Waya wa moto upite fyuzi ya nusu ampea, swichi, ndipo transfoma. Funika kila kiungio. Boksi la chuma lifungwe ethi.

3. Koili ya volti 18 iingie kwenye dayodi nne 1N5408 zilizopangwa daraja, zigeuze AC kuwa DC, kisha kapasita 2200 µF ya volti 50 kati ya chanya na hasi, ilainishe umeme.

4. Kutoka kapasita, umeme unapita LM317 mbili, yaani vidhibiti vya miguu mitatu (kuingiza, kutoa, kurekebisha). Ya kwanza inadhibiti mkondo: rezista ya omu 1.8, wati 2, kati ya mguu wa kutoa na wa kurekebisha. Umeme uendelee kutokea hapo kwenye mguu wa kurekebisha hadi mguu wa kuingiza wa LM317 ya pili. Utapata kama ampea 0.7. Ya pili inadhibiti volti: omu 220 kati ya miguu hiyohiyo, na omu 2200 kutoka wa kurekebisha hadi hasi. Mguu wake wa kutoa utatoa kama volti 13.8 kwenda chanya ya betri. Zote zinapata joto, zifunge kwenye hitisinki (bamba la kupoza) kwa maika, kipande kinachozuia umeme, maana mgongo wake wa chuma umeungana na mguu wa kutoa.

5. Dayodi 1N4007 kutoka chanya ya betri kurudi chanya ya kapasita, mstari wake uelekee kapasita. Fyuzi ya ampea 1 karibu na klipu nyekundu.

6. Mara ya kwanza, unga bulbu ya nyuzi ya wati 60 kwa mfululizo kwenye waya wa moto. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, kuna shoti: chomoa plagi. Ukigusa ndani, chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi.

Swali: Mkuu, kwangu hakuna ethi. Nifanyeje?
Jibu: Tumia boksi la plastiki, chuma chochote kisitokeze nje, hata skrubu. Na mwite fundi akuchimbie ethi, nyumba nzima inaihitaji.

Swali: Betri ya gari ya Ah 70 je?
Jibu: Itakubali, ila ikiwa tupu itachukua zaidi ya siku nne. Ichaji penye hewa, inatoa haidrojeni.

Swali: Na za lithiamu za kompyuta?
Jibu: Hapana, kaka. Kila seli inaishia volti 4.2 na inahitaji saketi yake ya ulinzi. Kwa hii zinaweza kushika moto.