Hatua saba za kushirikishana Injili katika jumuiya

Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, wakiwa Nairobi, waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya waamini majirani wanaosali pamoja. Lakini jumuiya nyingi hukutana, husali rozari, husoma Injili haraka, kisha huingia kwenye michango. Njia ya hatua saba, iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, hulipa Neno nafasi yake. Haidai elimu ya Biblia. Inadai kiongozi anayejua kungoja.

Chagua somo la aya 7 hadi 15. Injili ya Jumapili ijayo inafaa sana, maana homilia, yaani mahubiri ya Misa, itawakuta watu wameshaitafakari. Tuchukue Marko 10:46-52, habari za Bartimayo kipofu. Kaeni duara, viti vikipangwa mistari, kiongozi hugeuka mhubiri. Tengeni saa moja, na simu zizimwe.

Hatua ya kwanza, mtu mmoja au wawili wamkaribishe Bwana kwa sentensi mbili tatu. Wagonjwa wasiombewe hapa, nafasi yao inakuja. Hatua ya pili ni kusoma: taja kitabu na sura, subiri wote wafungue, ndipo utaje aya. Msomaji mmoja asome polepole, kwa sauti.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa yote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Anayeguswa hutamka neno au fungu fupi la somo mara tatu, kwa sauti ya sala, akinyamaza kidogo kila baada ya kulitamka. "Wataka nikufanyie nini?" Basi, haongezi kitu. Hata asiyejua kusoma anashiriki sawa na wengine, kwa kuwa anarudia alichosikia. Hatua huharibika pale mtu anaposoma aya tatu nzima na kuongeza "maana yake ni kwamba..." Mrudishe kwa upole: "Asante mama, tubaki na neno lenyewe." Watu watatu wakichagua fungu moja, waache. Kisha somo lisomwe tena lote. Maneno yaliyorudiwa yatasikika kwa uzito mwingine.

Hatua ya nne ni kimya, dakika 3 hadi 5. Tangaza muda na uangalie saa. Usipotangaza, mtu ataanzisha wimbo akidhani umesahau, na kimya hakitarudi.

Hatua ya tano, watu washirikishane lililowagusa. Kila mmoja aseme "mimi", asiseme "sisi Wakristo tunapaswa". "Wengi walimkemea Bartimayo anyamaze, nami nyumbani huwa namnyamazisha mwanangu" ni ushirikishano. Kueleza Yeriko iko wapi ni darasa, na darasa lina siku yake. Msijibizane, msimshauri aliyesema, na aliyosema yasitoke nje. Usizungushe zamu, maana aliyenyamaza naye anasali. Padre au katekista akiwapo, aseme mwishoni. Akitangulia, wengine watarudia yake. Mkizidi 15, gawanyikeni makundi mawili kwa hatua hii tu.

Hatua ya sita ni tendo. Anzeni na taarifa: tulichokubaliana wiki iliyopita kimefanyika? Halafu chagueni jambo moja lenye mtu, kazi na siku. "Tuwatembelee wagonjwa" halitafanyika, kwa sababu halina mwenyewe. "Wawili hawa wampeleke bibi jirani kliniki ya macho Jumanne, sisi wengine tuchange nauli" litafanyika. Zamu ya usafi wa kanisa na michango ya parokia itangazwe mwisho kabisa. Ikipenyezwa hapa humeza muda wote, na jumuiya hubaki kamati.

Hatua ya saba, sala za papo kwa papo. Sasa ombeeni wagonjwa, wafiwa na mliyoyasikia, kisha mfunge kwa wimbo ambao wote wanaujua bila kitabu.

Wiki tatu nne za mwanzo hatua ya tatu itakuwa nzito, na watu wataona aibu. Msiiache. Zungusheni uongozi, na kiongozi wa wiki ijayo ateuliwe kabla ya watu kutawanyika, aende nyumbani akiwa na somo lake.